Risala ya Walimu na Vijana Wanaofundisha Mabadiliko ya Tabianchi kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Waheshimiwa viongozi wa elimu,
Walimu wenzetu, wazazi na wanafunzi,
Itifaki imezingatiwa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu. Sisi ni walimu wa masomo mbalimbali, pamoja na vijana wanaosimamia klabu za mazingira shuleni. Tunamsaidia mwanafunzi aelewe kwa nini dunia inazidi kupata joto na binadamu anaweza kufanya nini.

Mataifa yaliahidi elimu hii zamani. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1992 kuhusu mabadiliko ya tabianchi uliiweka katika Kifungu cha 6, na Mkataba wa Paris wa 2015 ukairudia katika Kifungu cha 12. Lakini UNESCO, shirika la Umoja wa Mataifa la elimu, ilipopitia mitaala ya nchi 100, ripoti yake ya mwaka 2021 ilionyesha kuwa asilimia 47 haikutaja mabadiliko ya tabianchi hata mara moja. Mtoto anaweza kumaliza shule akiwa amefaulu vizuri, na jambo litakalogusa maisha yake yote asiwe amelisikia kwa mwalimu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, turuhusu tukueleze kidogo yanayotokea darasani, kwa kuwa huko ndiko kazi yenyewe iliko.

Tunaanza na Eunice Foote. Mwaka 1856 mwanamke huyu wa Marekani alijaza gesi mbalimbali katika mitungi ya kioo yenye vipimajoto, akaianika juani. Mtungi wenye kaboni dioksaidi ulipata joto kuliko mingine, na ulipoondolewa juani ulichelewa sana kupoa. Mwanafunzi akielewa jaribio hilo, ameshika mzizi wa somo.

Kisha tunawapa grafu ya vipimo vinavyochukuliwa kwenye mlima Mauna Loa, Hawaii, tangu mwaka 1958. Wakati huo kaboni dioksaidi hewani ilikuwa takribani sehemu 315 katika kila milioni. Sasa imepita 420. Hatuwaambii maana yake. Tunawaacha waichore wenyewe, na kila mara hujitokeza mmoja anayeuliza mbona mstari unapanda na kushuka kila mwaka kama meno ya msumeno. Hapo mwalimu wa biolojia anaingia: mimea ya nusu ya kaskazini ya dunia hufyonza gesi hiyo inapochipua na kustawi, halafu gesi hurudi hewani majani yanapooza. Na mbona msumeno wote unapanda? Sasa ni zamu ya mwalimu wa kemia na wa jiografia kueleza jinsi kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi asilia, na kukata misitu, kunavyoongeza kaboni dioksaidi hewani. Grafu moja imekusanya masomo matatu, na hakuna aliyekaririshwa chochote.

Kosa tunalokutana nalo zaidi ni kudhani kwamba joto linaletwa na tundu la ozoni. Tunalisahihisha, lakini hatuliachi hapo. Tunawaeleza kuwa Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987 ilizibana kemikali zilizokuwa zikiharibu tabaka la ozoni, linaloikinga dunia na miale hatari ya jua, na leo tabaka hilo linapona taratibu. Mtoto anayeuliza kwa hofu kama tumeshachelewa anahitaji kulijua hilo. Anahitaji pia kuambiwa ukweli: joto lililokwisha ongezeka halitaondoka upesi, ila kila sehemu ya digrii inayozuiwa inapunguza madhara. Kumtisha mtoto na kumwacha hapo si kufundisha.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kikwazo kikubwa ni walimu kutoandaliwa. Wengi wetu tulipitia vyuo bila mada hii, tukajifundisha wenyewe usiku. Tena kisichotoka kwenye mtihani hupewa dakika za mwisho za kipindi, na mwalimu mwenye ari akihamishwa, klabu hufa. Upandaji miti tunauthamini na tunaushiriki, lakini shughuli ya siku moja haiwezi kuchukua nafasi ya somo.

Kwa hiyo tunakuomba utusemee. Mada hii iingie katika mafunzo ya ualimu na mafunzo kazini. Isirundikwe kwenye somo moja: jimbo la New Jersey, Marekani, liliamua mwaka 2020 iingie katika masomo mengi, yakiwemo sanaa na elimu ya viungo, na utekelezaji ukaanza mwaka wa masomo wa 2022. Itungiwe maswali ya mtihani yanayomtaka mtahiniwa asome takwimu na kueleza chanzo cha anachokiona. Mamlaka za hali ya hewa nazo zizipe shule takwimu za mvua na joto bila malipo, wanafunzi wazilinganishe na vipimo wanavyochukua wenyewe. Ombi hilo la mwisho halihitaji bajeti kubwa, na tungefurahi likianza muhula ujao.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.