Barua ya wazi kwa Balozi wa Uingereza nchini Kenya: pasipoti mlizotoa, mkazikataa

Mheshimiwa Balozi,

Baada ya salamu, nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu nataka majirani zangu hapa Mombasa waisome barua hii kabla yako. Ofisi yako haikosi wa kuitafsiri.

Jambo langu ni la zamani, ni sheria yenu ya mwaka 1968 iliyowafungia mlango Wahindi wa Kenya wenye pasipoti zenu, lakini lilianzia kwenye madawati ya ubalozi wako. Kenya ilipopata uhuru tarehe 12 Desemba 1963, Wahindi wa nchi hii (ndivyo tunavyowaita wote, awe Mgujarati, Mpunjabi au Mgoa, ingawa Mgoa atakuna kichwa) hawakuwa sawa mbele ya katiba. Aliyezaliwa hapa, na mzazi wake mmoja naye akazaliwa hapa, alikuwa Mkenya tangu siku hiyo. Waliobaki walipewa miaka miwili kuomba. Wapo walioomba. Wapo waliosubiri waone upepo unavuma wapi, na walisubiri bila hofu kubwa kwa kuwa walibaki raia wa Uingereza na Makoloni yake, na pasipoti zao zilikuwa zikitolewa na ubalozi wenu Nairobi.

Hapo ndipo penye kiini cha shauri hili. Sheria yenu ya mwaka 1962 ya kudhibiti wahamiaji wa Jumuiya ya Madola ilimwacha huru mtu mwenye pasipoti iliyotolewa na serikali ya London yenyewe. Ya gavana wa koloni haikufua dafu. Basi Kenya ilipokuwa huru gavana akaondoka, na mtoaji wa pasipoti akawa Balozi, mtumishi wa London. Mwenye duka la vitambaa Nairobi au karani wa reli Kisumu akawa na haki ile ile ya kushuka Heathrow aliyokuwa nayo mtu wa Manchester. Wala haukuwa ujanja wa Wahindi. Iain Macleod, aliyewahi kuwa Waziri wenu wa Makoloni, alisema hadharani mwaka 1968 kwamba neno la kuwaachia mlango wazi alilitoa, alikusudia kulitoa, na alitaka kulitimiza.

Kabla sijaendelea, nisiwe nyani asiyeona kundule. Mwaka 1967 Bunge letu lilipitisha sheria mbili. Ya uhamiaji ilimtaka kila asiye raia awe na kibali cha kazi. Ya leseni za biashara ilimfungia asiye raia maeneo na bidhaa fulani. Tuliita kazi hiyo Uafrikishaji, na Waafrika wengi waliipokea kwa furaha, maana duka lilikuwa la Mhindi, mkopo ulikuwa wa Mhindi, na Mwafrika alikuwa mbeba magunia. Sitawacheka waliofurahi. Lakini ngazi ile haikujengwa na Mhindi peke yake. Serikali ya kikoloni ndiyo iliyotenga nyanda za juu ziwe mashamba ya Wazungu, ikamkataza Mhindi kuwa na ardhi huko, ikamsukuma kwenye kaunta, kisha ikamwekea Mwafrika vikwazo vya kupata mkopo. Mwaka 1923, Wahindi walipodai kura sawa na Wazungu, London ilitoa waraka uliotangaza kwamba Kenya ni nchi ya Waafrika na maslahi yao yatangulie. Waafrika hawakuona mengi ya utangulizi huo kwa miaka 40. Wahindi hawakupata usawa walioudai. Nyanda za juu zilibaki nyeupe.

Nimefundisha historia miaka mingi, na najua jinsi tulivyokuwa tukiipita sura hii. Tulifundisha vibarua karibu 32,000 walioletwa kutoka India kujenga reli kati ya 1896 na 1901, tukataja waliokufa, karibu 2,500, tukawapa wanafunzi simba wa Tsavo ili wasisinzie, halafu Wahindi wakatoweka kitabuni mpaka Idi Amin alipowafukuza. Hatukusema kwamba wengi wa vibarua hao walirudi kwao, waliobaki hawakufika 7,000, na kwamba wafanyabiashara wa Kigujarati walikuwa wakifika pwani hii kabla ya Mreno. Jina la Makhan Singh, aliyeasisi vyama vya wafanyakazi na kuwekwa kizuizini na serikali yenu, lilipita mbio. Mwaka 1968 haukuwamo kabisa.

Sasa niuweke mezani. Sheria zetu zilipoanza kubana, watu wakakimbilia uwanja wa ndege wa Embakasi, Nairobi. Magazeti ya London yakaanza kuhesabu ndege. Duncan Sandys, ambaye ndiye aliyekuwa Waziri wa Makoloni Kenya ilipopewa uhuru, akawa mstari wa mbele kudai mlango ufungwe, pamoja na mbunge mwenzake Enoch Powell. Chama kilichokuwa madarakani kilikuwa cha Labour, cha Harold Wilson, chama cha wanyonge. Waziri wake wa Mambo ya Ndani, James Callaghan, akapeleka muswada Bungeni mwishoni mwa Februari, ukapita mabaraza yote mawili kwa siku tatu, na tarehe 1 Machi 1968 ukawa sheria. Mheshimiwa, sisi huku tunalalamika kwamba Bunge letu hupitisha miswada usiku wa manane. Tulijifunza kwa wenyewe.

Sheria hiyo haikutaja rangi popote. Ilisema tu kwamba raia mwenye pasipoti ya Uingereza atazuiwa kuingia, isipokuwa yeye, mzazi wake, au babu au bibi yake awe amezaliwa Uingereza au amepata uraia wake huko. Chukua watoto wawili waliozaliwa Nakuru mwaka mmoja, mmoja wa mlowezi wa Kizungu, mwingine wa fundi seremala Mpunjabi. Pasipoti zao zimetoka dirisha moja. Wa kwanza babu yake alizaliwa Kent, anapita. Wa pili anaambiwa asubiri. Mawaziri wenyewe walijua wanachofanya. George Thomson, aliyekuwa Waziri wa Jumuiya ya Madola, aliwaandikia wenzake kwamba kupitisha sheria kama hiyo ni kosa kimsingi, ni ubaguzi wa rangi ulio wazi, na ni kinyume cha yote wanayoyasimamia. Waraka huo uliwekwa kabatini, nao wakaendelea.

Aliyezuiwa alipangiwa foleni ya vocha, yaani vibali vya kuingia Uingereza. Mwanzoni zilikuwa 1,500 kwa mwaka, kwa wakuu wa familia tu. Mwanamke mwenye mume hakuhesabiwa mkuu wa familia, hata kama yeye ndiye mwenye pasipoti ya Uingereza na mumewe hana. Walioshindwa kungoja walipanda ndege hivyo hivyo, wakarudishwa, wakarushwa kutoka uwanja mmoja hadi mwingine. Kenya haiwataki kwa kuwa si raia wake. Uingereza haiwataki ingawa ni raia wake. Wengine waliishia gerezani Uingereza wakiwa na pasipoti ya Uingereza.

Watu 31 wakapeleka kesi Strasbourg, kwenye Tume ya Haki za Binadamu ya Ulaya. Desemba 1973 Tume ikaona kwamba 25 kati yao walitendewa kwa namna ya kudhalilisha utu, na kwamba kumtenga mtu hadharani kwa rangi yake kunaweza peke yake kuwa udhalilishaji. Ripoti ikapelekwa kwa Kamati ya Mawaziri wa Baraza la Ulaya. Mawaziri wakasema mwaka 1977 kwamba hakuna hatua zaidi ya kuchukua, na ripoti haikuwekwa hadharani hadi 1994. Walioshinda walikaa zaidi ya miaka 20 bila kuweza kumwonyesha mtu karatasi ya ushindi wao.

Najua utajibu nini. Utasema kwamba Amin alipotoa siku 90 mwaka 1972, serikali ya Edward Heath iliwapokea watu wapatao 28,000 kutoka Uganda. Ni kweli, na Heath nampa haki yake, maana hata baraza la jiji la Leicester lilikuwa limenunua tangazo katika gazeti la Uganda kuwaambia watu wasiende kwao. Utasema sheria ya mwaka 2002 iliwaruhusu waliokuwa hawana uraia mwingine wowote wajiandikishe kuwa raia kamili. Nayo ni kweli. Aliyekuwa na miaka 40 mwaka 1968 alikuwa na 74 ilipopita.

Na pengine utanionyesha Rishi Sunak, aliyekuwa Waziri Mkuu wenu, ambaye baba yake alizaliwa Kenya na mama yake Tanganyika, au Priti Patel na Suella Braverman, mabinti wa familia zilizotoka Uganda na Kenya, waliokalia kiti kile kile cha Callaghan. Hilo silikubali kuwa jibu. Mtoto aliyefanikiwa hamlipii deni aliyemfungia babu yake mlango. Tena mabinti hao wawili walikuwa wakali kwa wahamiaji kuliko wengi waliowatangulia, lakini hiyo ni mada ya siku nyingine.

Ninachokiomba serikali yako inakiweza. Juni 2013 William Hague, aliyekuwa Waziri wenu wa Mambo ya Nje, alisimama Bungeni akaeleza masikitiko ya Uingereza kwa mateso ya wakati wa Mau Mau, na wazee 5,228 wakalipwa. Halikuwa ombi la msamaha kwa maneno kamili, na ilibidi wazee waende mahakamani kwanza. Hata hivyo lilisemwa, likaandikwa, na wajukuu wanaweza kulisoma. Kuhusu 1968 naomba waziri asimame pale pale aseme kwamba sheria ile ilitungwa kuwazuia raia wa Uingereza kwa sababu ya rangi yao, na kwamba ilivunja ahadi. Tamko hilo lisomwe pia Nairobi, katika ofisi iliyotoa pasipoti hizo. Na majalada ya foleni ya vocha, yale yaliyobaki, yafunguliwe kwa familia, maana wapo wazee Mombasa, Kisumu na Leicester wasiojua hadi leo maombi yao yalikataliwa na nani na kwa hoja gani.

Serikali yangu nayo ina barua yake inakuja. Mwaka 2017 iliwatambua Wahindi kuwa jamii ya 44 ya Kenya, na nitaiuliza kwa nini ilihitaji zaidi ya miaka 50.

Nasubiri jibu lako, kwa lugha yoyote.

Wako mwaminifu,
Mwalimu mstaafu wa historia, Mombasa