Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Ushauri wa Biashara kwa Bendi Zinazoanza

Ndugu Makamu Mwenyekiti, Katibu, Mweka Hazina, wazee wetu walezi, viongozi wa bendi na wanachama wote,

Nawashukuru kwa kuitikia wito, hasa mliokuwa jukwaani hadi alfajiri mkaja hapa bila kulala. Taarifa yangu mwaka huu itaegemea upande mmoja. Mambo ya kawaida ya chama nitayapitia haraka kwa sababu Katibu na Mweka Hazina wameyaandika na nakala mnazo mkononi. Muda mwingi nitautumia kwenye agizo mlilotupa mkutano uliopita: tutafute mahali ambapo bendi changa, isiyo na mfadhili wala tajiri nyuma yake, itapata ushauri wa biashara kwa bei inayobebeka.

Ya haraka ni haya. Wanachama wameongezeka, ada zimesuasua, na bendi zinazodaiwa zinajijua. Amplifaya ya besi ya chama iliungua ilikokuwa imeazimwa, hivyo kamati imeamua kwamba kuanzia sasa hakuna chombo kinachotoka stoo bila mtu kusaini. Tumezika wenzetu, na mfuko wa rambirambi umefanya kazi yake. Mwenye swali kuhusu hayo aliweke hadi kipindi cha maswali.

Sasa agizo lenu. Bendi nyingi kubwa tulizokua tukizisikiliza zilikuwa na mwajiri. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, na jina lake likabadilika kila chama hicho kilipobadilika, mpaka leo tunaiita Msondo Ngoma. Mlimani Park ilianza mwaka 1978 na baadaye ikaingia mikononi mwa shirika la maendeleo la jiji la Dar es Salaam (Dar es Salaam Development Corporation), ndiyo maana tunasema DDC. Vijana Jazz ilikuwa ya Umoja wa Vijana, Bima Lee ilikuwa ya Shirika la Bima, na majeshi yalikuwa na bendi zao. Vyombo vilikuwa vya ofisi, gari la ofisi, na mwisho wa mwezi unapanga foleni kwa mhasibu. Mpiga solo wa wakati ule hakuwa na sababu ya kujua bei ya usiku mmoja inapangwaje wala kodi inalipwa wapi. Kijana wa leo akimfuata mzee wetu na swali la gitaa, anajibiwa papo hapo kwa vidole. Akimuuliza habari za fedha, anaambiwa: “Mwanangu, tafuteni meneja.”

Nao wanamtafuta. Mwaka huu bendi moja changa ilituletea mkataba wa meneja kabla ya kusaini, na kwa idhini yao nauzungumzia bila majina. Kifungu kilichonishughulisha kilikuwa kifupi tu: meneja atapata asilimia 30 ya mapato ya bendi. Mapato gani? Chukueni shoo ya shilingi 1,000,000. Kukodi vyombo 350,000, usafiri 120,000, chakula 80,000, jumla 550,000. Zinabaki 450,000. Meneja akichukua asilimia 30 ya ile milioni nzima, anaondoka na 300,000, na wanamuziki wanane wanagawana 150,000, yaani 18,750 kwa kichwa. Akichukua asilimia 30 ya kilichobaki baada ya gharama, anapata 135,000, nao wanapata 39,375 kila mmoja. Shoo ni ile ile, kijasho ni kile kile. Tofauti ni maneno matatu, “baada ya gharama”, ambayo hayakuwemo kwenye karatasi. Kifungu kingine kilimpa meneja haki zote za nyimbo, na cha mwisho kilisema mkataba utajihuisha wenyewe. Wakili aliusoma kwa muda usiozidi saa moja. Vijana waliomba vifungu hivyo virekebishwe, meneja akakasirika akaondoka, na bendi bado ipo, inapiga kila Ijumaa.

Mimi simpingi meneja. Meneja mzuri ni riziki. Ninachopinga ni kumfanya meneja ndiye mshauri, kwa sababu katika jambo la msingi kuliko yote, yaani mgao, yeye ni upande wa pili wa meza.

Baada ya mizunguko mingi kamati ilifika kwenye msimamo ambao baadhi yenu hamtaupenda. Tulikuwa tukitafuta mshauri wa wasanii. Wapo wanaojiita hivyo, na mmoja tuliyemlipa ada kubwa alituletea “mpango wa biashara” wenye jina la kiwanda cha maji ya chupa kwenye ukurasa wa nne. Msimamo wenyewe ni huu: bendi inayoanza ni biashara ndogo kama saluni. Ina vifaa vinavyochakaa, ina wateja wanaokopa, ina watu wa kulipwa jioni. Sehemu kubwa ya maswali yake yanajibiwa pale pale anapojibiwa mwenye saluni, na huko gharama ni ndogo au hakuna kabisa.

Tulianzia SIDO, shirika lililoundwa mwaka 1973 kuhudumia viwanda vidogo na lenye ofisi katika mikoa ya Tanzania Bara. Tulipopeleka viongozi wa bendi kwenye mafunzo ya ujasiriamali, mifano yote ilikuwa ya sabuni na batiki, na vijana wetu walicheka nyuma ya darasa. Kicheko kiliisha ilipofika zamu ya kukokotoa gharama ya kipande kimoja cha sabuni. Mpiga kinanda mmoja alifuta neno sabuni kwenye daftari lake akaandika “usiku mmoja”. Akaweka mafuta ya jenereta, nyuzi, bodaboda ya kubeba spika, sare, nauli ya kurudi saa tisa usiku, na sehemu ya bei ya kinanda chenyewe, maana nacho kina mwisho wake. Ikaonekana kwamba baa wanayopiga kila Alhamisi kwa moyo mkunjufu inawatia hasara. Baa hiyo wameiacha.

TRA, yaani Mamlaka ya Mapato, ndiko wengi wenu mnakoogopa kwenda, na naelewa. Lakini dawati la huduma kwa mlipakodi halitozi kitu, na kuuliza si kujishitaki. Bendi nyingi hapa hupiga hotelini au kwenye hafla za kampuni, zinalipwa pungufu, halafu zinadhani zimeibiwa. Mara nyingi ni kodi ya zuio, ile anayoikata mlipaji kabla ya kuwapa fedha, asilimia 5 ya malipo ya huduma. Shoo ya 1,500,000 inakatwa 75,000. Anayekata anatakiwa awape hati ya kodi ya zuio, na hati hiyo inahesabika mnapofanya hesabu ya kodi ya mwaka. Msipoidai, fedha hiyo mmeitupa. Asiyekuwa na TIN, namba ya mlipakodi, hana hata pa kuipeleka hati yenyewe.

Kwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, usajili unafanyika kwa mtandao, mnahitaji namba za kitambulisho cha Taifa (NIDA) na subira. Bendi inayoanza haina haraka ya kuwa kampuni. Jina la biashara linatosha, na ada yake ni ndogo mno ukilinganisha na ya kampuni. Ila mjue mnachonunua. Jina la biashara haliwatenganishi ninyi na madeni yenu: bendi ikidaiwa, mnadaiwa ninyi. Wala jina la biashara si alama ya biashara. Bendi zetu zina ugonjwa wa kugawanyika, waimbaji wanaondoka usiku na kesho yake kuna mabango mawili yenye jina moja. Dawa ni kusajili alama ya biashara na huduma, ambayo nayo iko BRELA. Katika madaraja ya alama, burudani ipo daraja la 41, usajili wa kwanza ni wa miaka 7, kisha unahuishwa kwa miaka 10 kila mara. Hilo lina gharama zaidi, lifanyeni jina likishaanza kujaza ukumbi. Wenzetu wa Zanzibar wana ofisi zao, BPRA kwa usajili wa biashara na COSOZA kwa hakimiliki, na nimewaomba wajumbe wa huko watuandikie maelezo yao wenyewe.

Kuna maswali mawili ambayo mwenye saluni hana: nyimbo ni za nani, na mkataba wa shoo au wa kurekodi unasemaje. Hapo ndipo chama kimetumia fedha zenu. Kuhusu nyimbo, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake. Haki inaanza na kazi yenyewe. Kwenda COSOTA, ofisi ya hakimiliki, kuisajili ni kuweka ushahidi na kurahisisha kufuatilia mirabaha. Nenda na wimbo wako ukiwa umeandika nani alitunga maneno na nani alitunga muziki. Nimeshuhudia bendi ikijaza fomu kwenye korido huku wanabishana nani alileta kiitikio. Ubishi ule ungemalizwa siku ya mazoezi kwa mstari mmoja wa kalamu.

Kuhusu mikataba, tulikubaliana na wakili mmoja na mhasibu mmoja wakae na bendi zetu Jumamosi moja kila mwezi, ndilo dawati letu la ushauri, kwa malipo ya kikao kizima badala ya malipo ya kila mteja. Bendi inachangia kidogo, chama kinamalizia. Bei halisi zimo kwenye taarifa ya Mweka Hazina. Tumejifunza kwamba kinachofanya ushauri uwe ghali ni kwenda mikono mitupu. Anayefika akisema “tushauri kuhusu bendi yetu” anamaliza saa nzima akisimulia walivyokutana. Anayefika na mkataba, daftari la mapato na swali moja lililoandikwa, anatoka na jibu. Tangu tuweke sharti la swali kuandikwa kwanza, foleni inakwenda.

Nitaje daftari moja lililoletwa Jumamosi hizo. Lilikuwa la kaunta, jalada gumu, limeshikwa na mpiga tumba wa bendi ya Temeke, mwandiko safi kuliko wangu. Kiingilio kiliandikwa, maji yaliandikwa, betri za maikrofoni ziliandikwa. Mhasibu aliteremsha kidole taratibu mpaka kwenye mstari ulioandikwa “wengineo”, ambao ulikuwa mkubwa kuliko usafiri na chakula kwa pamoja. Akauliza, hawa wengineo ni kina nani? Wakatazamana. Walikuwa wanenguaji, dada wanne ambao bendi ilikuwa ikiwapa “chochote” baada ya shoo. Si wanahisa, si waajiriwa, hawapo popote kwenye karatasi, na wao ndio walio kwenye bango.

Kutokana na kikao kile kamati inaleta pendekezo lake kubwa. Watu wanaofanya biashara pamoja kwa faida wanahesabika ni wabia, wawe wameandika au hawakuandika, na pasipo makubaliano sheria inachukulia kwamba wanagawana sawa. Huenda ndivyo mnavyotaka. Huenda mwenye vyombo anaona anastahili zaidi, na mtunzi naye. Yaandikeni: mgao, vyombo ni vya nani, anayeondoka anachukua nini, nani anasaini benki, wanenguaji na fundi mitambo wanalipwaje. Kurasa mbili za Kiswahili zinatosha, na mfano wake upo kwa Katibu. Tunapendekeza bendi yoyote inayoomba uanachama kuanzia mwaka ujao ije na makubaliano hayo yamesainiwa na wote.

Kwa wasio na uwezo hata wa mchango mdogo wa Jumamosi, ipo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inayotambua watoa msaada na wasaidizi wa kisheria, na huduma yao kwa asiye na uwezo ni bure. Msaidizi wa kisheria hatawapangia mkakati wa soko, lakini anaweza kuwaeleza karatasi mliyonayo inasema nini. Halmashauri nazo zina afisa utamaduni, afisa biashara na afisa maendeleo ya jamii, na huyo wa mwisho ndiye wa kumuuliza kuhusu ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Naongeza neno la tahadhari: mkopo si ushauri. Bendi isiyojua bei ya usiku wake mmoja isichukue mkopo wa kununua spika.

Najua wapo waliosema, na watasema tena leo, kwamba fedha ya dawati la ushauri ingenunua mikisa, mashine ya kuchanganya sauti za vyombo. Nimeisikia hoja hiyo na ina uzito, maana kukodi mikisa kunatuumiza sote. Kwa maoni yangu mikisa moja kwa bendi zote hizi italeta ugomvi wa zamu kabla haijaleta shilingi, na yaliyoipata amplifaya mnayajua. Lakini uamuzi ni wenu.

Kamati inaomba mkutano upitishe mambo mawili: dawati la Jumamosi liendelee mwaka mwingine, kwa nyongeza ya ada iliyoko ukurasa wa mwisho wa taarifa ya Mweka Hazina, na makubaliano ya ndani yawe sharti la uanachama mpya. Bendi za zamani zipewe hadi mkutano ujao, ikiwemo ya kwangu, ambayo rasimu yake iko kwa mpiga besi tangu mwezi uliopita na bado anaisoma.

Naomba kuwasilisha.