Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Tuangalie Kukausha Kabla ya Mashine

Wanachama wenzangu, salaam. Mwaka huu sianzi na mahesabu, mweka hazina ameshayatuma na mmeyaona, ada zimeingia vizuri na hakuna anayetudai. Nafasi hii naitumia kuongelea majani ya mzeituni, maana kazi ya kuyakamua viambata vyake ndo iliyotukutanisha.

Mwanzoni mwa mwaka karibu kila mtu alikuwa anauliza kuhusu mashine tu. Tununue ya ultrasauti, ile inayokamua kwa mawimbi ya sauti? Vipi mtambo wa kaboni dayoksaidi ya mgandamizo mkubwa? Ethanoli, yaani pombe ya kukamulia, iwe asilimia ngapi? Maswali ya maana kabisa, ila kadiri majaribio yalivyoendelea ndivyo nilivyozidi kuona kwamba sehemu kubwa ya olyuropini, kile kiambata kichungu cha jani, tunaipoteza kabla jani halijagusana na ethanoli hata kidogo, na hili ndo jambo kubwa ninalotaka kila mmoja wetu alibebe mwaka ujao.

Kwa waliojiunga karibuni, olyuropini ndo kiambata kikuu tunachokitafuta, ndo inayolifanya jani liwe chungu vile, na Bourquelot na Vintilesco waliielezea tangu 1908. Kwenye jani kavu inaweza kuwa chini ya asilimia 1 au ikapita asilimia 10, inategemea aina ya mti, umri wa jani na msimu, ndo maana mtu akinipa namba moja tu bila kusema majani yametoka wapi na lini siichukulii uzito. Sasa ndani ya jani hilohilo kuna kimeng'enya (protini inayochochea mabadiliko ya kikemikali), beta-glukosidasi, na jani likiwa zima hivi viwili vimetenganishwa, havigusani. Ukiliponda bichi vinakutana, sukari inakatwa kwenye molekuli na olyuropini inaanza kuvunjika palepale. Mti unajilinda hivyo dhidi ya wadudu wanaotafuna, ila kwetu ni hasara tupu.

Na hapa ndo wengi tunaponasa, kwenye joto la vuguvugu. Nyuzi 50 au 60 mtu anaona ni salama, anasema sitaki kuunguza dawa, kumbe jani linakaa masaa likiwa na unyevu na joto ambalo kimeng'enya kinalipenda. Bora ulikaushe kivulini penye hewa nyingi bila kulikatakata, au uende upande wa pili kabisa, hewa ya moto zaidi ya nyuzi 100 kwa muda mfupi, au ulipitishe kwenye mvuke wa maji yanayochemka kwanza ili kimeng'enya kife ndo ulikaushe. Kugandisha na kukausha kwa baridi kunasifiwa sana lakini hakukiui kimeng'enya, ukilirudishia jani maji kinaamka.

Kwenye kikao cha vitendo tulitandaza trei mbili za majani ya tawi moja. Moja tuliponda mabichi tukayaacha, nyingine tukaipitisha kwenye mvuke kwanza. Yaliyopondwa yaligeuka kahawia kuanzia kwenye michubuko mpaka trei nzima ikafanana na tumbaku, ya mvuke yakabaki kijani kilichofifia, na yalipokauka tukayaloweka kwenye maji moto, yale ya mvuke uchungu wake uling'ang'ania kwenye ulimi wakati ya kahawia yalikuwa kama majani ya kawaida tu. Ulimi sio kipimo cha maabara, HPLC, kile kipimo cha maabara kinachotenganisha na kupima viambata, bado tunaihitaji, lakini waliokuwepo hawatasahau.

Jani likishakuwa zuri, kazi inayobaki sio ngumu kiasi hicho. Ethanoli na maji kwa pamoja, asilimia 50 mpaka 80 hivi, saga, koroga, chuja, halafu iondoe ethanoli kwa vakyumu, yaani kwa kuvuta hewa, bila moto mkali. Ultrasauti inapunguza muda kweli, siibezi. Hata maji yanayochemka peke yake yanatoa olyuropini nyingi kwenye jani lililokaushwa vizuri, kwa hiyo asiye na mtambo asijione yuko nyuma. Tafadhali tu, mvuke wa ethanoli unashika moto haraka, madirisha wazi na hakuna jiko karibu.

Jambo lingine linaloniuma ni lebo. Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya 2012, ile inayoruhusu lebo kudai faida ya kiafya kukiwa na miligramu 5 za haidroksitairosoli (kiambata ndugu wa olyuropini) na jamii yake kwenye gramu 20, inahusu mafuta ya zeituni na sio unga wa majani, tusiibandike kwenye chupa zetu. Shirika la dawa la Ulaya linalitambua jani kwa matumizi ya jadi ya kusaidia kutoa maji yaliyozidi mwilini kwa hali nyepesi, basi. Anayetumia dawa za presha aongee na daktari wake kwanza, kwa sababu jani linaweza kushusha presha juu ya ile dawa.

Na majani ya kuokoteza kwenye mashamba yanayopogolewa, ulizeni kama yamepuliziwa shaba. Dawa za ukungu za shaba zinakaa juu ya jani, na tukikausha na kukamua tunaweza kujikuta tumeikusanya shaba hiyo pamoja na polifenoli, kundi la viambata ambamo olyuropini imo.

Uchaguzi wa kamati uko kwenye mkutano mkuu, majina yapelekwe kwa katibu. Pia kamati inapendekeza pesa tuliyotenga kwa ultrasauti iende kwenye kikaushio kizuri na malipo ya vipimo vya maabara, mtapiga kura. Kila mtu aje na sampuli yake kwenye mfuko usiopitisha mwanga, umeandikwa tarehe ya kuchuma, jinsi ulivyokausha, na kama mti ulipuliziwa kitu.