Mama, ukifika Berlin usimpite mjusi wetu

Mama, marahaba. Voisi yako ya jana nimeisikiliza mara tatu, ya pili nikamwekea na mama yako, akanyamaza afu akauliza tu, hivi kweli yuko peke yake? Nikamwambia yuko peke yake, ana miaka 26 na nauli kalipa mwenyewe. Akaenda zake kulala ila usiku kucha nilimsikia anageukageuka.

Umesema mchana ni makumbusho na wikiendi unataka klabu. Mi sikukatazi. Kwenye kile Kisiwa cha Makumbusho yako matano, usitake kuyamaliza yote kwa siku moja utachoka na hutakumbuka kitu, na lile la Pergamon limefungwa kwa ukarabati tangu Oktoba 2023 kwa hiyo uliza kwanza. Nefertiti yuko Neues Museum, ile sanamu iliyofukuliwa Misri 1912, chumba chake hawaruhusu picha, na Wamisri mpaka leo wanaidai.

Ila mama yangu, kuna sehemu moja ukiikosa nitaumia. Panda treni ya U6 ushuke kituo kinaitwa Naturkundemuseum, hapo ndo yalipo makumbusho ya historia ya asili, Jumatatu wanafunga. Ukiingia tu ukumbini utamkuta mjusi amesimama, yaani mifupa ya dinosaria, kichwa kiko juu mita 13 na ushee. Huyo ni wa kwetu. Ametoka Tendaguru, hapahapa Lindi, Wajerumani walianza kumchimba 1909 mpaka 1913, yaani Maji Maji imezimwa juzi tu, watu wa kusini ndo kwanza wanatoka kwenye ile njaa iliyoua wengi kuliko risasi. Mamia ya watu wetu walichimba, msimamizi wao Boheti bin Amrani, mpaka kuna mjusi mwingine wa hukohuko Tendaguru wataalamu wamempa jina lake. Afu mifupa ikafungwa, ikabebwa kichwani na mabegani kwa miguu, siku kwa siku, mpaka bandarini Lindi, zaidi ya tani 200 zikapanda meli.

Baba wa babu yako alikuwa kwenye ile misafara. Hili sijawahi kukusimulia vizuri. Babu yako alinionyesha njia yao nikiwa darasa la nne, akasema baba yake hakuwahi kuambiwa anabeba mfupa wa nini, alijua tu ni mzito na ukivunjika ni balaa, na sugu ya begani alizikwa nayo. Kwenye ukoo wetu hakuna aliyewahi kusimama mbele ya huo mzigo tangu ulipoondoka. Bungeni kila baada ya muda wanaulizana arudishwe au asirudishwe, mi naona bora arudi, lakini wewe uko huko sasa hivi. Kwa hiyo nenda asubuhi ukiwa umelala vizuri, usiende umetoka klabu macho mekundu.

Na hizo klabu, nasikia watu wanaingia saa nane usiku wanatoka mchana wa kesho yake, na mlangoni wanaweza kukukatalia bila kukupa sababu, wakikukataa ondoka tu usibishane nao. Simu wanaibandika stika kwenye kamera, sawa, ila isikutoke mkononi na chaji iwepo. Glasi yako usimwachie mtu hata kama mmecheka naye masaa matatu. Pasipoti iache hosteli, tembea na kopi na hela taslimu kidogo. Ijumaa na Jumamosi treni za chini ya ardhi zinatembea usiku kucha, siku nyingine ni mabasi ya usiku, na tiketi ya karatasi ugonge mhuri kwenye ile mashine kabla hujapanda, wakaguzi wanavaa nguo za kawaida na faini ni yuro 60. Ukifika chumbani andika neno moja tu, nimefika, hata saa kumi na moja alfajiri, mama yako atalala.

Kwa mjusi usikimbilie selfi. Mzunguke taratibu, afu usome vibao vyote, jina la Boheti likiwepo piga picha unitumie, na wabebaji wakitajwa hata kwa neno moja piga picha, wasipotajwa nipigie palepale ukiwa umesimama hapo uniambie. Simu nitakuwa nayo.

Baba yako, Lindi