Risala ya Idara ya TEHAMA kwa Mgeni Rasmi, Mahafali ya Kidato cha Nne

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwenyekiti wa Bodi ya Shule,
Mheshimiwa Diwani wa Kata yetu,
Mkuu wa Shule na walimu wenzetu,
Viongozi wa dini, wazazi na walezi,
Wahitimu wetu, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujalia uzima na kutukutanisha mchana huu. Pili, tunakushukuru wewe, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa kuitikia mwaliko wetu licha ya majukumu mengi uliyonayo, na licha ya barabara yetu ambayo umeiona mwenyewe. Wewe ni mtoto wa kata hii. Wazee waliokuona ukikua wamekaa hapo mbele. Ndiyo maana risala hii tumeiandika kama tunavyozungumza nyumbani.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, shule yetu ni miongoni mwa shule za kata zilizojengwa kwa nguvu za wananchi wakati wa Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulioanza mwaka 2004. Ilianza na vyumba viwili vya madarasa. Leo kila kidato kina mikondo. Somo la Kompyuta lilianza kufundishwa hapa mwaka 2014. Mengine ya historia wazazi wanayajua.

Mafanikio ni mengi na tunajivunia. Shule yetu ni ya kwanza katika tarafa hii kusimamisha watahiniwa wa somo la Kompyuta. Mwanafunzi wetu mmoja alipata alama B katika mtihani wa taifa, na sasa anasomea uhandisi wa kompyuta chuo kikuu. Klabu ya TEHAMA ndiyo inayopanga ratiba ya shule nzima. Vyeti utakavyovigawa leo, Mheshimiwa, vimesanifiwa na kuchapwa na wanafunzi wenyewe. Hatukulipa steshenari hata shilingi moja.

Aidha, idara hii inahudumia watu wengi kuliko wanafunzi wake. Mwalimu wa Kompyuta ndiye anayesajili watahiniwa katika mfumo wa Baraza la Mitihani, ndiye anayewasaidia wahitimu kubadili tahasusi, yaani mchepuo wa masomo ya Kidato cha Tano, katika Selform, fomu ya mtandaoni ya machaguo yao, na walimu wenzake wanaokwama kwenye ESS na PEPMIS, mifumo ya mtandaoni ya watumishi wa umma, hukimbilia kwake. Shule za msingi jirani nazo huja na takwimu zao za PReM, mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi wa shule za msingi. Kazi hizo zote hufanyika kwa intaneti ya simu ya mwalimu, na bando ananunua mwenyewe. Hatusemi haya kulalamika, kwani anafanya kwa moyo. Tunayasema kwa sababu hayamo katika taarifa yoyote, na ni haki yake yasikike mbele yako.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, risala za mahafali huwa na orodha ndefu ya maombi. Nasi tunayo: uzio, nyumba za walimu, maji. Leo tumekubaliana kutoyasoma. Tumebaki na ombi moja, ili lisije likapotea katikati ya mengine kama ilivyotokea huko nyuma.

Ombi hilo ni kompyuta, na umeme wa kuzilinda.

Shule ina kompyuta tisa zinazowaka. Zilikuwa nyingi zaidi. Baadhi ya zile tulizopewa kama msaada zilitoka nje zikiwa zimewekwa volti 110, ilhali umeme wetu ni volti 230. Nyuma ya kila moja kulikuwa na swichi ndogo nyekundu ya kubadilishia. Siku ya makabidhiano ziliwashwa kwa haraka ili picha ipigwe, kabla mwalimu hajapewa nafasi ya kuzikagua. Mbili zililia pwaa na moshi ukatoka palepale. Nyingine zilikuja bila nyaya za umeme. Kisha ikaja radi. Huku kwetu Nyanda za Juu Kusini Mheshimiwa anazijua radi za masika. Chumba hakina waya wa ardhini unaoaminika wala kizuia radi, na umeme ukikatika hurudi kwa kishindo. Mwalimu amekuwa akichomoa vipuri vya mashine zilizokufa ili kuzifufua nyingine, lakini sasa hata za kuchomoa zimekwisha.

Matokeo yake ni kwamba Kidato cha Kwanza wanajifunza kibodi kwenye karatasi ya manila. Mwalimu ameichora, ameikata vipande, na kila mtoto ana chake. Anawaambia waweke vidole vya mkono wa kushoto juu ya A, S, D, F, kisha anataja neno nao wanabonyeza karatasi. Wanabonyeza kwa bidii kweli. Tatizo ni kwamba karatasi haimwambii mtoto kama amekosea. Anaweza kufika Kidato cha Tatu akiamini anajua kuchapa, na siku anapokaa mbele ya kompyuta halisi anaitafuta herufi moja moja huku muda ukienda.

Wahitimu hawa unaowaona wamependeza, mwezi ujao wana mtihani wa vitendo. Huo haufanyiki kwenye manila. Wataingia kwa mikupuo ya watu tisa. Waliosalia watafungiwa darasani wasikutane na waliomaliza, wakisubiri tangu asubuhi hadi jioni, wakiomba umeme usikatike. Mkupuo wa mwisho utaingia mbele ya kompyuta ukiwa umeshachoka na una njaa. Hawa ni watoto wanaosahihishwa kwa kipimo kilekile cha mwenzao aliyefanya mtihani saa mbili asubuhi akiwa na mashine yake peke yake.

Tunatambua dhamira ya Serikali. Sera ya TEHAMA kwa Elimu ya Msingi ipo tangu mwaka 2007. Mitaala iliyoboreshwa imeanza kutumika Januari 2024 na inataka stadi za kidijiti. Vishikwambi vya Sensa ya mwaka 2022 vilifika kwa walimu, na tunashukuru kwa dhati; vinasaidia maandalizi ya masomo. Lakini kishikwambi kimoja cha mwalimu hakiwezi kuwa maabara ya darasa zima.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa heshima na taadhima, yapo mambo tunayopaswa kukukumbusha. Katika mahafali ya mwaka 2019, mgeni rasmi wa siku hiyo aliahidi kompyuta 20 ndani ya miezi mitatu. Ukumbi huu ulilipuka kwa vigelegele. Mwaka 2022 mgeni mwingine aliahidi umeme wa jua kwa chumba cha kompyuta. Barua za kukumbushia tumeandika, na tulijibiwa kwamba suala linashughulikiwa. Hatumtaji mtu wala hatumlaumu mtu. Tunajua majukumu hubadilika. Ila wazazi waliamini. Kwa sababu ya ahadi ile ya kwanza walichanga kwa hiari, wakatengeneza meza 20 za mninga na kutoboa matundu ya kupitishia nyaya. Meza zipo. Matundu yapo. Hakuna waya uliowahi kupita.

Tunachoomba ni hiki. Kompyuta 20, moja kwa kila meza. Mfumo mpya wa nyaya za umeme katika chumba hicho, wenye waya wa ardhini, kizuia radi na stabilaiza ya kusawazisha umeme. Mchanganuo wa gharama umeandaliwa na fundi aliyesajiliwa, umepitishwa na Bodi, na umo katika bahasha utakayokabidhiwa. Ikilazimu tuanze na kimoja, tunaomba tuanze na umeme, kwani kompyuta mpya kwenye nyaya zile hazitamaliza masika moja. Na kama kompyuta zitakuwa zilizokwisha kutumika, hatuna neno. Tunaomba tu zijaribiwe kabla ya kusafirishwa na zije na nyaya zake.

Tunaomba pia, utakaposimama kuzungumza, ututajie mwezi. Ukiona kwa mwaka huu haiwezekani, tuambie hapahapa. Tutapokea kwa heshima ileile, na Bodi itajua ianzie wapi kutafuta kwingine.

Chumba cha kompyuta kimefunguliwa, na mwalimu wa somo yuko mlangoni. Tunakuomba upite kabla ya chakula.

Tunakushukuru kwa kutusikiliza, Mheshimiwa Mgeni Rasmi. Naomba kuwasilisha.

Imesomwa na Katibu wa Kamati ya Mahafali, kwa niaba ya Idara ya TEHAMA.