Sindano za saluni zikaguliwe

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie sindano za urembo zinazochomwa saluni hapa Tanga. Binti wa jirani yangu alichomwa ya kuongeza makalio. Dawa ilitoka kwenye kichupa kisicho na lebo, ikazimuliwa kwa maji ya ndoo. Wiki tatu baadaye vikaota vinundu vigumu, vikapasuka usaha. Alimaliza dozi mbili za amoksilini, wapi!

Wapo bakteria, jamaa wa wale wa kifua kikuu, wanaoishi hata kwenye maji ya bomba. Dawa za kawaida haziwawezi, na tiba yake huchukua miezi.

TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, na maofisa afya wa jiji wazikague saluni hizi. Na aliyechomwa amweleze daktari mapema, usaha upelekwe maabara. Binti yule, kwa kuona haya, alisema kaumwa na mdudu.

Msomaji wako,
Ngamiani, Tanga