Kuhusu kipimo cha damu ulichoniuliza

Moshi,
8 Machi 2025

Mpendwa Baba Neema,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Unauliza iwapo mtu anaweza kutolewa damu mkononi akaambiwa kama ana vinyama katika utumbo mpana, yaani polipu, ambavyo baadaye huweza kugeuka saratani, bila kupitishwa ile kamera ya kuchungulia utumbo ambayo naona imeanza kukukosesha usingizi.

Wazo lenyewe si la kubeza. Seli inapoanza kukua ovyo hubadili namna inavyotumia chakula. Otto Warburg, Mjerumani aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1931, alionyesha kwamba seli za saratani hula glukosi kwa pupa na kuigeuza kuwa asidi ya laktiki hata pale oksijeni inapokuwapo. Ndiyo maana watafiti huichambua damu kwa mashine zinazopambanua molekuli kwa uzito wake, wakifuatilia asidi za amino, mafuta na asidi za nyongo, wakitumaini kwamba mabadiliko hayo yakichukuliwa kwa pamoja yatamtambulisha mwenye polipu.

Ugumu ni kwamba polipu nyingi hazifiki hata sentimita moja, na kile kidogo zinachomwaga katika damu humezwa na yale yatokayo kwenye ini, misuli, bakteria wa tumboni na bakuli la mtori ulilokunywa jana usiku. Hata tyubu yenyewe haitulii: chembe nyekundu huendelea kula glukosi humo baada ya damu kutolewa, na sampuli iliyoachwa mezani kwa saa mbili umeme ukiwa umekatika (haya nimeyaona kwa macho yangu) hueleza habari za meza kuliko za mgonjwa.

Tazama kipimo cha damu kiitwacho Shield, kilichoidhinishwa Marekani Julai 2024. Hicho hutafuta vipande vya DNA, si mazao ya umetaboli (yaani yale yatokanayo na seli kutumia chakula), lakini kikwazo ni kile kile: katika utafiti wake kiligundua saratani 83 katika kila 100, ilhali kwa vinyama vilivyokwisha kuelekea kwenye saratani kiliona 13 tu. Na wewe unachoulizia ni vinyama.

Marehemu mzee wako aligundulika na saratani ya utumbo mpana akiwa na miaka 54, nawe umefikisha 44. Miongozo ya Marekani humtaka mtoto wa mgonjwa aanze kuchunguzwa akiwa na miaka 40, au miaka 10 kabla ya umri aliogundulika mzazi wake, lolote litakalotangulia; kwa hesabu hiyo umechelewa miaka minne. Tena daktari mwenye kamera akikiona kinyama hukinasa kwa kitanzi cha waya na kukikata papo hapo, kabla hakijapata ile miaka 10 au zaidi ambayo kwa kawaida huihitaji ili kigeuke saratani. Tyubu ya damu, hata ikisema kweli, ingekurudisha kwenye kitanda kile kile.

Jumatatu nitaulizia nafasi hapa hospitali ya KCMC. Usiku wa kuamkia kipimo utalala kwangu, maana dawa ya kusafisha utumbo haipatani na safari ya basi kutoka Arusha.

Rafiki yako wa maabara